Shokapu na Kilo za Heshima

Mama yangu mdogo ni fundi wa nguo, na kama amewahi kukupima, fahamu kwamba una namba mbili kwake: moja ya mdomoni na nyingine ya mkasi. Akikuzungushia futi kiunoni, atakutajia kwa sauti tamu inchi thelathini na nne. Utatabasamu, utavuta pumzi, utasimama kama askari wa gwaride. Ukishaondoka, mkasi wake utakata thelathini na nane. Suruali itakukaa vizuri mno, na wewe utawaambia watu kwamba hujanenepa tangu uoe. Yeye huiita heshima ya kazi. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa na ni muuguzi wa kliniki ya watoto, huiita uongo wenye pindo.

Kwa vitu ni kinyume. Ukimtuma apime dirisha la pazia au mto wa kochi, atakurudishia kipimo kilichokwisha kuongezwa inchi ya mshono. Hafikirii, mkono wenyewe unaongeza, kama mkono wa mama unavyomwekea mgeni wali. Watu anawapunguzia, vitu anaviongezea. Mtaa mzima umeishi na mpango huo kwa amani, maana nguo zinatosha na roho zimetulia. Tatizo lilianza aliponunua baiskeli.

Nisieleweke vibaya, si baiskeli ya kuendea sokoni. Ni baiskeli ya milimani, ya kijani kibichi kama mjusi, yenye matairi ya meno na uma wa mbele unaobonyea. Aliinunua kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama, akaileta nyumbani kwetu, anakoishi, akaiegesha nyuma ya kochi la sebuleni. Wakati huo alikuwa ameshaivuka arobaini. Mama alimuuliza kama ile ni ya kupanda au ni ya kutundikia nguo. Jumapili iliyofuata mama mdogo alitoka na helmeti kichwani, akarudi mchana na matope mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake.

Tangu hapo Jumapili ni ya kilima. Nyuma ya machimbo ya zamani ya kokoto kuna njia inayoitwa Ngazi, na inaitwa hivyo kwa sababu ni mizizi na mawe yaliyopangwa kama ngazi aliyoijenga mlevi akaondoka kabla hajamaliza. Wanaoteremka pale ni wanaume tu: daktari wa meno, mwalimu wa hesabu, muuza rangi na wenzao kadhaa, na katikati yao mama mdogo, wanayemwita Fundi. Nilimuuliza siku moja anatafuta nini kule. Akasema siku sita za wiki yeye anaangalia viuno vya watu. Kule juu anaona miti, na hakuna mti uliowahi kumwomba ampunguzie suruali. Nilitaka kucheka, lakini alilisema akiwa ameiweka sindano chini, na sindano huwa haiweki chini.

Sasa, baiskeli za aina hii zina kitu tumboni, chini ya kiti, kinachoitwa shokapu. Ndiyo inayomeza mishtuko ya gurudumu la nyuma ili isifike mgongoni kwako. Ile ya mama mdogo ilikuwa imekufa zamani. Ilikaa imebonyea tu, kama mzee aliyeshiba, haipandi wala haishuki. Kila jiwe la Ngazi lilipita moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo ambao siku sita nyingine umejikunja juu ya cherehani. Jioni za Jumapili alikuwa anaingia ndani akitembea kama aliyebeba trei ya mayai, anaketi kwenye kiti cha mlangoni, kisha anaita mtu aje amvue viatu kwa sababu kuinama hawezi. Wa kuvua viatu ni mimi. Wa kuchua mgongo kwa dawa ni mama.

Jumapili moja mama alichua kwa nguvu kuliko kawaida, halafu akatoa hukumu. Mwezi mmoja tu. Ukiisha na mtu bado anavuliwa viatu kama mtoto wa chekechea, baiskeli inatoka humu ndani. Mnunuzi alikuwepo, jirani yetu mwenye duka la vioo, mtu ambaye alikuwa ameshaingia mara mbili kusalimia na mara zote mbili akasalimia nyuma ya kochi. Mama mdogo alilala kifudifudi mkekani akasema sawa, dada. Akisema sawa dada bila kubishana, ujue ameumia mahali ambapo dawa ya kuchua haifiki.

Kesho yake tukaenda kwa Ngoja.

Ngoja ni fundi wa baiskeli. Hilo si jina lake, ni neno lake la kwanza katika kila jibu. Muulize saa ngapi, atasema ngoja. Duka lake ni chumba chembamba kinachonuka grisi na mpira mpya, magurudumu yananing'inia darini, na benchi la wateja halikosi watu, nusu wamekuja kutengenezewa na nusu wamekuja kumsikiliza anavyochelewa kujibu. Yeye na mama mdogo huitana Fundi wote wawili, kwa heshima kubwa, kama mabalozi.

Ngoja alimweleza kwamba shokapu ziko za namna mbili. Kuna ya springi ya chuma, nzito, isiyo na maneno mengi, lakini ukikosea springi unanunua nyingine. Na kuna ya upepo, nyepesi, unayoijaza kwa pampu yake maalumu kulingana na uzito wako. Mama mdogo akachagua ya upepo, kwa maelezo kwamba chuma kikikosewa kimekosewa, lakini upepo ni kama pindo, unaweza kulitoa na kulirudisha. Ngoja alifikiri, akakubali kwamba hiyo ni hoja. Akamwomba akapime ile ya zamani kutoka tundu la boliti mpaka tundu la boliti, amletee kipimo aagize.

Umeshaona tunakoelekea. Mimi sikuona, na nilikuwa nimemshikia taa akipima.

Shokapu mpya ilifika baada ya siku kadhaa, inang'aa kama kijiko cha harusi. Ngoja akaiweka kwenye fremu, haikuingia. Akaigeuza, haikuingia. Akachukua rula yake ya chuma akaipima, akapima na ile ya zamani, akaziweka sambamba juu ya meza. Ya zamani ilikuwa inchi sita na nusu. Mpya ilikuwa saba na nusu.

"Fundi," akasema, "hii uliipima au uliishonea?"

Benchi lote likacheka. Mama mdogo akajitetea kwamba ni mazoea, kwamba kitu kikiwa kirefu hukatwa lakini kikiwa kifupi hakirefushwi. Ngoja akasema ngoja, shokapu haikatwi. Muuzaji alikubali kuibadilisha, ila Jumapili ya kwanza ya mwezi ule ikapita baiskeli iko nyuma ya kochi bila kiungo, na jirani wa vioo akapita kusalimia.

Ya pili ilipofika iliingia kama mkono kwenye glovu. Ikabaki kuijaza upepo. Hapo Ngoja akauliza swali la kawaida kabisa, analomuuliza kila mtu: ukiwa umevaa vya kuendeshea, na begi mgongoni, una kilo ngapi?

Benchini walikuwepo mwalimu wa hesabu, aliyeleta tairi, na mwanamke wa duka la dawa aliyeleta baiskeli ya mtoto. Wote wawili nguo zao wanashonewa na mama mdogo, na wote wawili wakaacha kuongea kwa wakati mmoja. Mama mdogo akanyoosha shingo. Kwa ile sauti tamu, sauti ya futi, akataja kilo sabini na mbili.

Mimi nikaangalia magurudumu ya darini. Kuna siku nilimsaidia mama kumnyanyua kutoka mkekani.

Ngoja akamwomba apande aone inazama kiasi gani, maana ndivyo anavyohakikisha. Lakini mama mdogo alikuwa ametoka kazini na sketi ya kubana, aliyoishona mwenyewe na kwa hiyo iliyombana kwa ustadi, na akauliza kama kweli Fundi anataka apande farasi mbele ya wateja wake. Ngoja ni mtu wa haya. Akafungua kijitabu kilichokuja na shokapu, akatafuta kilo sabini na mbili, akapampu upepo wa mtu wa kilo sabini na mbili, akamtakia safari njema.

Jumapili hiyo nilikwenda naye kusubiri chini ya Ngazi. Nilimsikia kabla sijamwona. Kwa kila jiwe kulikuwa na mlio, dugu, halafu kimya, halafu dugu, kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Alifika chini amekaza meno. Nyumbani nikamvua viatu. Mama alisimama mlangoni na kopo la dawa, akatutazama sote wawili, akarudi ndani kupasha maji.

Tukarudi kwa Ngoja. Kwenye shokapu kuna kipete cha mpira kinachosukumwa kila inapobonyea, na kinabaki pale ilipofika mwisho. Kile chetu kilikuwa kimesukumwa mpaka ukingoni, kimebanwa pale kama abiria wa mwisho. Ngoja akakigusa kwa kidole. Akasema hii imekuwa ikigonga mwisho wake, kwa kilo sabini na mbili haifai kugonga hivi. Kuna mtu mwingine ameipanda?

Mama mdogo hakusita hata kidogo. "Huyu hapa," akasema, akaninyooshea kidole. "Nimemkataza mpaka nimechoka."

Mimi nina uzito wa mwavuli uliolowa. Ngoja alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndala, akanitazama tena kwa kunionea huruma, akamezea. Mama mdogo akaendelea kueleza kwamba tatizo ni ugumu, shokapu ni ngumu kama benchi la hospitali, inampiga, apunguze upepo iwe laini. Ngoja akasema ngoja, ikipigapiga hivi si kwa sababu ya ugumu. Akaulizwa mgongo ni wa nani. Ngoja akainamia shokapu. Akapunguza.

Sitaisimulia sana Jumapili ya tatu. Shokapu laini iliyobeba mzigo isioujua ni kama godoro lililochakaa: unapita katikati yake unakutana na sakafu. Katikati ya Ngazi mama mdogo alishuka, akakaa juu ya mzizi, akasema atapumzika kidogo. Daktari wa meno ndiye aliyeisukuma baiskeli mpaka barabarani, akimtia moyo njia nzima kwa sauti ile ile anayoitumia kabla ya kung'oa. Nyumbani hakufika hata kwenye kiti. Alilala sakafuni sebuleni na viatu miguuni, akaangalia miguu ya kochi.

Mama akapiga magoti pembeni yake, akambonyeza kiunoni kwa dole gumba.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Kidogo ya mdomoni au kidogo ya mkasi?"

Mama mdogo akageuzia uso upande wa pili. Mama akachua, taratibu safari hii, akasema ameshaongea na jirani wa vioo. Atakuja Jumapili ijayo jioni, mwezi ukiwa umeisha. Akasema hafanyi hivyo kwa ubaya. Ana mdogo mmoja tu, na huyo mmoja anataka aje kuzeeka naye akiwa anatembea, si akiwa anabebwa.

Wiki hiyo cherehani ililia vibaya. Mama mdogo alishona kola mbili upande mmoja wa shati la mwalimu. Ijumaa Ngoja akatuma ujumbe, na kwa mara ya kwanza haukuanza na ngoja. Ulisema: njoo kesho kama unavyopanda, na kila kitu unachopanda nacho.

Jumamosi akaenda na suruali yake ya kilimani, vikinga magoti vya plastiki, helmeti, begi lenye maji, na futi shingoni kwa sababu aliisahau pale. Duka lilikuwa limejaa. Mwalimu alikuwepo, mwanamke wa duka la dawa alikuwepo, muuza rangi alikuwepo na mkewe. Ukihesabu vizuri, benchi lote lilikuwa limevaa kazi ya mikono yake.

Ngoja akarudisha upepo wa kijitabuni, ule wa kilo sabini na mbili. Akakisogeza kipete mpaka mwanzo. Mimi nikashika usukani, mama mdogo akaegemea ukuta kwa kiwiko, akapanda, akakaa kimya kama anapigwa picha, kisha akashuka polepole asikisumbue. Ngoja akamwambia apime mwenyewe. Akavua futi, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akapima. Ilitakiwa izame robo na ushee ya safari yake yote. Ilikuwa imezama nusu nzima, na huo ni uzito wa kukaa tu, jiwe hata moja hajaliona.

Alikishika kipimo kile kwa muda. Mtu anayemjua angeona mkono unavyotaka kuongeza au kupunguza kitu na haujui ufanye lipi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ameishona mwenyewe.

Ngoja akachukua pampu yake ndogo, akaifunga kwenye shokapu, akasubiri. Kisha akasema kwa upole, akiangalia mshale wa pampu badala ya kumwangalia yeye, "Fundi, mimi naweza kukuheshimu mpaka kesho. Hii pampu haina heshima."

Mama mdogo angeweza kumnong'oneza. Angeweza kuniambia mimi nimwambie. Nadhani aliliangalia lile benchi, viuno vyote vile alivyovibeba moyoni miaka nenda rudi, akaona kwamba siri yake ni ndogo kuliko zao. Au pengine alichoka tu. Akaikunja futi mkononi.

"Themanini na tisa," akasema. "Na begi, tisini na mbili."

Hakuna aliyecheka. Pampu ikaanza kupumua, fyuu, fyuu. Mwalimu wa hesabu alikuwa amekunja uso kama anayekokotoa, na kweli alikuwa anakokotoa, maana hatimaye akainua kidole akauliza, kwa wasiwasi wa mtu anayelijua jibu, kuhusu kile kiuno chake cha thelathini na nne.

"Thelathini na nane, Mwalimu," mama mdogo akajibu. "Tangu mwaka juzi."

Hapo sasa duka likapasuka. Mke wa muuza rangi alicheka mpaka akaegemea gurudumu, kisha akakumbuka kwamba naye ana gauni kule, akanyamaza ghafla. Mwanamke wa duka la dawa akasema yeye hakiulizi chake, asiambiwe. Mwalimu akafungua kifungo kimoja cha suruali papo hapo, akashusha pumzi ya miaka miwili.

Mama mdogo akapanda tena. Kipete kikasimama robo na ushee, pale pale kilipotakiwa. Bado kulikuwa na kitufe chekundu pembeni, kinachoamua shokapu irudi kwa kasi gani baada ya kubonyezwa. Ngoja akakizungusha nukta mojamoja, anabonyeza kiti, anakiachia, anasikiliza. Ikirudi haraka inakurusha, ikirudi kivivu inalikuta jiwe la pili bado imelala. Alitaka, akasema, iinuke kama mkwe anayeinuka kwenye kochi la wakweze: asikurupuke, asijikokote. Ikachukua muda. Kwa Ngoja kila kitu kinachukua muda, lakini siku hiyo hakuna aliyeondoka.

Jumapili nilisubiri pale pale chini ya Ngazi. Nilisikia matairi yakikwaruza udongo, mnyororo ukigongagonga fremu, ndege mmoja mwenye kiherehere. Dugu sikuisikia. Mama mdogo akatokea kwenye kona ya mwisho magoti yamekunjika, gurudumu la nyuma linapanda na kushuka chini yake kama linaongea na njia, na yeye juu yake ametulia. Akapita mbele yangu bila kunisalimia. Akasimama, akageuza baiskeli, akaanza kuisukuma kupanda tena. Daktari wa meno akalalamika kwamba walikubaliana mara moja. Mama mdogo akateremka mara tatu.

Ndiyo maana tulichelewa. Tulipofika nyumbani jirani wa vioo alikuwa ameshakaa muda, na kikombe cha chai mkononi na kamba ya kufungia mzigo pembeni yake kwenye kochi. Mama alikuwa amesimama karibu na kiti cha mlangoni. Alimtazama mdogo wake anavyopita kizingitini.

Mama mdogo akakaa. Mimi nikasogea kwa mazoea, akaniondoa kwa kiganja. Akainama mwenyewe, si haraka, akafungua kamba ya kiatu cha kulia, akakivuta kikatoka. Akafungua cha kushoto. Fundo lilikuwa limelowa likakaza, akaendelea kulihangaikia ameinama vile vile, analisema kwa sauti ya chini kama anavyousema uzi uliojifunga, mpaka likaachia. Kisha akavipanga viatu vyote viwili sambamba, akakaa wima, akamtazama dada yake.

Mama akaja nyuma ya kiti, akamwekea kiganja kiunoni, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akauliza vipi. Akajibiwa hapo panauma, hapa hapana. Akabonyeza tena pale panapouma, akaguna, kama anavyoguna kliniki mtoto akiwa ameongezeka uzito.

Halafu akainama, akaviokota vile viatu kwa vidole viwili ili asijichafue, akavipeleka nje. Tulimsikia akivipiga ukutani udongo uanguke, kimoja halafu kingine. Kutoka huko huko nje akamwambia jirani kwamba baiskeli haiuzwi.

Jirani akaikunja kamba yake taratibu, akauliza kama anaweza kumalizia chai kwanza. Mama mdogo akamwongezea sukari.